Mkuki wa Mtumba

Nilichokitaka hasa kilikuwa bunduki. Bora niseme hivyo mapema, maana watu wa kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Konde, wanapenda kusimulia kwamba nilikwenda kwa wasasi kwa mapenzi ya mkuki. Uongo mtupu. Mimi ni fundi wa majokofu. Umri wangu wa kazi niliumalizia Unguja, nikifungua friji za watu na kuambiwa bei yangu kali, na mkuki katika maisha hayo niliuona ukutani tu, kwenye hoteli za wageni, umetundikwa pembeni ya ngao ya kuchongwa.

Nilirudi Pemba kwa sababu ya mama. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wana majumba yao, na mama amebaki peke yake katika nyumba yetu ya zamani, na shamba lake la muhogo huko nyuma, ukishapita mikarafuu. Nilipofika na mabegi yangu hakunikumbatia wala hakuuliza nimekuja kwa muda gani. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa," akaingia jikoni. Nikajua niko nyumbani.

Wakati ule alikuwa bado mzima wa kutisha. Akishasali alfajiri hulali tena, kwa sababu utamsikia anatafuta jembe lake, anagombana na kuku, anafungua mlango wa uani kwa kishindo. Jua likichomoza yuko shamba. Akirudi ana matope mpaka magotini na muhogo kwenye pakacha, na mimi, mtu wa mjini, ndiyo kwanza nakunywa chai. Alikuwa akinicheka. Nami nilikuwa nikipenda kuchekwa naye, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kunicheka namna ile.

Halafu wakaingia nguruwe. Mama hamtaji nguruwe kwa jina. Humwita "yule mnyama", na akishasema hivyo hutema mate pembeni. Waliingia usiku mmoja wakalichimbua shamba zima. Muhogo ambao ulikuwa bado kidogo ung'olewe ulikuwa umelala chini, umetafunwa nusu nusu, na matuta yamefumuliwa. Mama alisimama pembezoni, akatazama, akageuka. Nilitegemea kesho yake ataanza kutukana na kupanda upya, kwa sababu si mara ya kwanza mnyama yule kumtia hasara. Hakutukana. Hakupanda. Jembe aliliegemeza ukutani, akapanda kitandani, na siku zikawa zinapita.

Nilimpeleka hospitali Chake Chake. Wakampima presha, wakampima sukari, wakamsikiliza kifua. Daktari, kijana mwenye adabu sana, akanivuta pembeni akaniambia, "Bibi hana maradhi makubwa, ni uzee." Nikamshukuru, lakini moyoni nilikasirika. Uzee wa wapi, na mwezi uliopita alikuwa akilima kuliko mimi? Mimi nimewaona wazee wanavyokwenda. Hawaumwi kitu. Wanaacha jambo moja walilokuwa wakilipenda, halafu la pili, halafu wanaacha kula, na siku moja mnaitwa. Niliogopa. Nilikuwa nikilala chumba cha pili, nikiamka naweka sikio ukutani kusikiliza kama anapumua.

Nikajiambia: mchawi wa mama ni nguruwe. Nguruwe wakiondoka, atainuka. Ilikuwa hesabu rahisi, ya kifundi: ukishajua kinachovuja, unaziba. Ndipo nikaenda polisi kuuliza habari ya bunduki.

Ofisa niliyemkuta alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, hakuandika hata herufi. "Unataka umpige nani, mzee wangu?"

"Nguruwe."

"Nguruwe wana wenyewe," akasema. "Waone wasasi." Akanitakia safari njema kwa heshima zote, na mimi nikatoka nje.

Wasasi ni watu wa kijijini tu, wakulima, wavuvi, wenye mikuki na mbwa, ambao siku ya Jumapili hukusanyika wakaingia porini kusaka wanyama waharibifu. Mbwa huvishwa njuga shingoni ili wasipotee kwenye magugu. Nguruwe wakishauawa huachwa huko huko, kwani nani atamgusa? Wasasi hawalipwi. Lakini wana utaratibu wao, na utaratibu huo niliambiwa na mmoja wao msikitini, baada ya sala ya Ijumaa. Mwenye shamba anayeleta mkuki katika msako, upande wake ndio unaoanza kusakwa. Asiye na mkuki anangoja mpaka wamalize kwa wenzake, na mara nyingi wakimaliza jua limeshazama na mbwa wamechoka.

"Basi nitafute mkuki," nikasema.

"Njoo Jumapili uwanjani," akaniambia. "Kuna wenye kuuza, wamezeeka." Kisha akaniuliza, kama anauliza hali ya hewa, eti ni kweli nitauza shamba la mama nirudi Unguja? Nikamwambia aache maneno ya barazani. Watu wetu wanaamini kila anayerudi kutoka Unguja amekuja kuuza kitu.

Jumapili ile nilikwenda. Ndugu yangu unayesoma, sikutegemea nilichokiona. Uwanja ulijaa wanaume na mbwa. Mikuki ilikuwa imeegemezwa kwenye mkarafuu mmoja mkubwa, mirefu kwa mifupi, na watu wanaipitia mmoja mmoja, wananyanyua, wanaipima uzito mkononi, wanafumba jicho moja kutazama kama mpini umenyooka. Kila mkuki una sifa zake na kila sifa ina mtu wa kuibishia. Huu wangu ulimwangusha dume kule bondeni. Bondeni wapi, yakhe, dume lilijifia lenyewe! Wanacheka, wanapigana vikofi. Mzee mmoja kavaa koti la suti juu ya kikoi, na hilo koti lilitobolewa na pembe za nguruwe, au meno, sikuelewa vizuri, ila alikuwa akimwonyesha kila mtu lile tundu.

Muuzaji wangu alikuwa mtu mwembamba, goti lake moja limekataa kukunjika. Alikuwa anaacha usasi kwa sababu ya goti hilo. Mkuki wake aliushika kifuani, hakuuegemeza mtini pamoja na mingine.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, ingawa nadhani tunalingana umri.

"Marahaba. Weye ndiye mtoto wa Bi Mkubwa wa kule kwenye mikarafuu?"

"Ndiye."

"Weye ndiye fundi wa mafriji?"

"Ndiye."

"Haya, kague."

Nikaukagua kama ninavyokagua mashine iliyotumika. Hapo ndipo ninapojionea haya mpaka leo, kwa sababu nilijifanya hodari. Nilitazama kutu: ipo, lakini ya juu juu. Nilitazama pete ya chuma inayoshika mpini: imelegea kidogo, ya kukazwa. Nilipitisha kidole kwenye makali. Niliuliza mpini umechongwa kwa mti gani, umebadilishwa mara ngapi, kwa nini una alama ya kuungua. Yule bwana alijibu yote kwa subira, akaniambia alama ya kuungua ni ya mkewe, aliutumia siku moja kuchochea moto wa tanuri ya chokaa na karibu waachane. Watu wakatuzunguka kusikiliza. Nilijiona fundi. Tukaelewana bei bila kuvutana sana, akanikabidhi, na alipokwisha kunikabidhi alibaki ameishika mikono yake mitupu mbele ya tumbo kama hajui aiweke wapi. Nikamwonea huruma.

Mbwa wake, jike la rangi ya majivu, akanifuata. Akaunusa mpini, akaulamba, akaulamba tena, kwa huzuni kabisa. Nikamwacha aage.

Msako wenyewe siku ile haukufika mbali, kwa sababu mvua ilishuka. Wasasi wakasema upande wetu utaanza Jumapili inayofuata, na jina langu limekwisha kuingia. Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, mkuki begani, mvua inanimwagikia, maji yanatiririka kutoka kwenye chuma yanaingia kwenye mkono wa shati. Dereva aliniomba niuelekeze juu nisije nikamtoboa mtu barabarani. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nikiimba, wallahi, na mimi si mtu wa kuimba.

Nikaingia ndani nimelowa chapachapa. Mama alikuwa kitandani, amejifunika khanga mpaka kidevuni, uso ameugeuzia ukutani. Nikaenda moja kwa moja, nikauchukua mkono wake, nikaubusu. "Shikamoo mama. Nimenunua mkuki. Yule mnyama wako kwisha habari yake."

Kichwa kikageuka, polepole.

"Umenunua wapi?"

"Kwa wasasi."

"Mpya?"

"Mtumba. Lakini mzuri, nimeukagua mwenyewe."

"Umekwisha kumwingia yule mnyama?"

"Nani?"

"Huno nkuki! Umemwingia yule mnyama, haukumwingia?"

"Mama, si ndiyo kazi yake? Bwana yule ameua wengi."

"Na kaukosha vipi?"

Nilikuwa nimeuliza juu ya mti, juu ya kutu, juu ya pete, juu ya moto wa chokaa. Mtoto wa chuo cha Kurani wa miaka saba, Mpemba yeyote, angeuliza hilo kabla ya kuugusa. Nguruwe na mbwa ni najisi nzito. Kilichowagusa kukiwa na majimaji hakitahiriki mpaka kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Nilifundishwa mimi mwenyewe, kwa kiboko, katika nyumba ile ile.

"Sikumuuliza," nikasema.

"Hukumuuliza." Akainuka akakaa. "Na mbwa? Palikuwa na mbwa?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini mama yangu akikutazama na lile jicho, uongo wenyewe unaona haya kutoka. Nikamwambia habari ya jike la majivu na kulamba kwake.

"Ukaja nao kwenye mvua."

"Ndiyo mama."

"Maji yakakutiririkia mkononi."

"Ndiyo."

"Na nkono huo huo ukanishika miye nkono wangu, ukanibusu."

Akauinua ule mkono, akauweka mbali na mwili wake, vidole vimetanuka, akautazama kana kwamba si wake. Nilidhani atalia. Kumbe anajaza pumzi. "Astaghfirullahi l-adhim!" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nguruwe waingie shambani. Kuku walikimbia uani. "Miaka yote hino n'nautunza mwili wangu, nimezeeka nao safi, mwanangu wa kunizaa ananiletea mate ya mbwa kitandani! Toka! Usiguse pazia! Usiguse ntungi! Simama kwenye mvua hukohuko!"

Nikatoka nikasimama uani kwenye mvua, mtu mzima na ndevu zangu nyeupe. Naye akanifuata. Sijui kama wewe msomaji umelielewa jambo hili kwa uzito wake: akanifuata. Kwa miguu yake. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikimbembeleza atoke japo barazani, akinijibu kwamba miguu haina nguvu. Sasa miguu ilikuwa nayo, na ulimi pia.

Nikajitolea kuosha mwenyewe. Nikateka maji, nikazoa udongo kidogo pale pembeni ya karo. Akanipiga kelele niache. Udongo ule bata wanapita, maji machafu yanamwagika, paka wa jirani anafanya haja zake hapo. Utatahirisha najisi kwa uchafu? Nikaenda kuchukua wa chini ya dirisha. Huo pia akaukataa, kuna siku nilimwaga oili ya mashine. Nikamuuliza basi anataka udongo wa wapi, niuagize Makka?

"Wa shamba," akasema. "Lete beseni." Na kabla sijajibu amekwisha liokota jembe pale ukutani kwa ule mkono mwingine, ule safi, anateremka kuelekea kwenye mikarafuu.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilimfuata nyuma na beseni, nikichunga asianguke, na kila nikimkaribia ananiambia nisimkaribie. Tulipofika shambani akasimama pembezoni, pale pale aliposimama siku ile. Magugu yameshaanza kuota juu ya mashimo. Nikasema sasa atageuka tena, atarudi kitandani, na safari hii hatainuka.

Hakugeuka. Alikuwa anafikiri. "Hapano walipita," akasema. "Pua zao zimefika kote hukuno. Udongo wa juu wote haufai." Akatema mate pembeni. "Itabidi wa chini."

Akaanza kulima. Alishika jembe kwa mkono mmoja, kwa sababu ule wa pili bado ameutenga, na hata hivyo lilikuwa linaingia. Alikwenda chini, akapita tabaka jeusi lililovurugwa, akafika penye udongo mwekundu, mtulivu, ambao hakuna aliyeugusa. Akainama akauchukua, akaufikicha kwa vidole, akaunusa. Akanionyesha niweke beseni chini. Akalijaza mwenyewe.

Tukaoshea hapo hapo shambani, kwa maji ya mvua yaliyokuwa yamejaa kwenye pipa. Alianza na mkono wake, akaupaka udongo, akausuuza, akarudia kwa maji, anahesabu kwa sauti ili nisije nikasema alikosea. Kisha mikono yangu. Shati akaamuru nilivue lioshwe lote. Mwisho mkuki. Aliniachia mimi niushike, yeye akimimina maji, akinielekeza nisugue hapa, hapa tena, kwenye pete, damu hujificha kwenye pete. Karibu na kumaliza akaniuliza, bila kunitazama:

"Huo nkuki ni wa kwenda kuwapa wao, au ni wako?"

"Wangu. Nimeingia katika msako. Jumapili ijayo wanaanza upande wetu."

"Na Jumapili ya baadaye?"

"Nitakwenda pia. Ndio utaratibu wao."

"Na Unguja utarudi lini?"

"Kufanya nini?"

Aliweka kopo chini. Akakaa juu ya tuta lililobomoka, maji yanamtona kwenye khanga, akaanza kunisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kunieleza bei ya samaki. Akasema tangu nilipokuja alikuwa akiniona nikizunguka nyumba, nikigongagonga kuta, nikihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye mikarafuu. Nikamwambia nilikuwa natafuta pa kupitisha bomba la maji. "Miye sikujua bomba," akasema. "Miye niliona ntu anakadiria." Na watu wakamletea maneno, kwamba mwanawe anauza. Akasema alipoona muhogo umechimbuliwa alitaka kupanda upya siku ile ile, mbegu anazo, zimeegemezwa nyuma ya choo. "Nikasema, nimpandie nani? Nilime kwa mgongo huno, halafu aje ntu n'siyemjua avune? Bora nilale, nife, nikupishe."

Kwanza nilikasirika, nisifiche. Nilikasirika kwamba alilala na jambo hilo kifuani siku zote zile, chumba cha pili na mimi, mimi nikisikiliza pumzi zake ukutani na yeye akiningoja niuze. Hospitali nimempeleka, uji nimempikia, nguruwe nimewalaani, kumbe mnyama aliyemlaza kitandani ni mimi.

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nikuulize nini? Ungesema siuzi. Kila anayeuza husema siuzi."

"Na sasa nikisema siuzi utaamini?"

Akautazama mkuki, umelala juu ya nyasi, una kutu, una alama ya kuungua, pete yake imelegea. Akanitazama na mimi mwenyewe, kifua wazi, natetemeka kwa baridi.

"Nkuki wenyewe nkuukuu," akasema. "Mbovu. Wa najisi. Umeununua kwa pesa zako, ukaulipia na bodaboda. Ntu wa kuuza shamba atautakia nini uchafu huno?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nililia vizuri, kwa sauti, kama nilivyokuwa sijalia hata kwenye mazishi ya mke wangu, na mama aliningoja mpaka nikamaliza. Hakunigusa. Alikuwa amekwisha kujitahirisha, na mkuki niliokuwa nikiusugua ulikuwa bado haujasuuzwa maji ya mwisho.

Kisha akanyanyuka akajifunga khanga kiunoni. Aliniambia nikalete mbegu nyuma ya choo, zote, nisichague, na nirudi upesi maana udongo umelowa vizuri. Niliporudi na mzigo begani nilikuta ameshainua tuta la kwanza.